Mawe ya kubandika kwenye nyumba kongwe za pwani: kwa nini ukuta hulowa zaidi baada ya kufunikwa

"Ukuta watoka jasho, mwanangu. Njoo uuone."

Ndivyo shangazi yangu alivyonipigia simu masika moja, miaka kadhaa iliyopita. Nyumba yake iko Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa aliyoirithi kutoka kwa wazee wake. Miaka miwili kabla ya simu ile alikuwa ameibandika mawe ya Mazeras upande wa mbele, kuanzia chini hadi usawa wa dirisha, kwa sababu rangi ya sehemu ile ilikuwa haikai. Kila ikipakwa, hubambuka kabla ya mwaka kwisha. Fundi alimwambia, "Mama, tukiupiga mawe ukuta huu, hutauona unyevu tena." Sasa unyevu ulikuwa umepanda hadi juu ya mawe, umevuka upande wa ndani, na kanzu za marehemu mumewe zilizokuwa kabatini zilikuwa zimeota madoa ya ukungu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiulizwa jambo hili na jamaa, majirani na watu nisiowajua, na nimegundua kwamba mkanganyiko ni mkubwa kuliko tatizo lenyewe. Huyu anasema mawe huzuia unyevu. Yule anasema mawe huua ukuta. Wa tatu ameona video kwenye simu na anasisitiza lazima uweke karatasi nyeusi na wavu wa chuma kwanza. Muuzaji naye anaapa kwamba vanishi ya mawe itamaliza yote. Kila mmoja ana kipande cha ukweli, ila kipande hicho kinatoka kwenye nyumba ya aina nyingine. Kwa hiyo tuanze chini kabisa, kwenye maneno yenyewe.

Jiwe la kujengea hubeba nyumba. Jiwe la kubandika hubebwa na nyumba. Hiyo ndiyo tofauti ya kwanza. Mawe ya kubandika, au mawe ya urembo kama wengi wanavyoyaita, ni vipande vyembamba, kwa kawaida vya unene wa sentimita 2 hadi 4, vinavyogandishwa juu ya ukuta uliokwisha kusimama. Yako ya asili: kwa upande wa Mombasa yanayojulikana sana ni ya Mazeras, ambayo ni mchanga wa kale ulioshikana ukawa mwamba, na yale mawe bapa yanayotoka upande wa mto Galana, nyuma ya Malindi. Yako pia ya kiwandani, ambayo kwa hakika ni saruji iliyotiwa rangi na kumiminwa kwenye kalibu yenye sura ya jiwe. Yote mawili, ya asili na ya kiwandani, hunywa maji. Hili watu wengi hulikataa mpaka walione. Chukua kipande kikavu cha Mazeras, kidondoshee tone la maji, uhesabu pole pole. Hutafika mbali kabla tone halijazama.

Neno la pili ni "nyumba kongwe", na hapa ndipo ushauri mwingi hupotea njia. Pwani yetu ina nyumba za zamani za namna tatu zisizofanana. Iko ya matumbawe na chokaa, kuta za nusu mita na zaidi, boriti za mikoko darini: hiyo ndiyo ya Lamu, ya Mji Mkongwe wa Unguja, ya Kibokoni. Iko ya udongo na fito iliyopigwa lipu ya saruji kwa nje, ambayo kwa mbali huwezi kuijua. Na iko ya matofali ya saruji au mawe ya kukata, iliyojengwa kuanzia miaka ya 1950 na kuendelea, saruji ilipokuwa rahisi kupatikana. Kiwanda cha Bamburi kilianza kutoa saruji mwaka 1954 na cha Wazo Hill, Dar es Salaam, mwaka 1966. Fundi aliyefanikiwa kubandika mawe kwenye nyumba ya matofali ya Likoni hana sababu ya kudhani kazi hiyo hiyo itafaa Kibokoni. Ukuta ni tofauti, na maji yanasafiri ndani yake kwa namna tofauti.

Ukuta ni mtungi

Nyumbani kwetu kulikuwa na mtungi wa maji ya kunywa, umewekwa pembeni penye upepo. Nje yake ulikuwa umelowa daima, na maji yake yalikuwa baridi hata mchana wa Februari. Udongo wa mtungi una vitundu vidogo sana. Maji hupenya, hufika nje, hugeuka mvuke, na mvuke unapoondoka huchukua joto. Mtungi ukiupaka rangi ya mafuta, maji hayatatoka nje tena na hayatapoa.

Ukuta wa matumbawe na chokaa ni mtungi mkubwa. Jiwe la tumbawe limejaa vitundu, na chokaa iliyoyashika mawe hayo, pamoja na mchanga na mara nyingi udongo mwekundu, nayo ina vitundu. Waashi wa zamani hawakuwa na tabaka la lami au nailoni la kuweka juu ya msingi ili kukata maji ya ardhini yasipande. Walijua maji yatapanda. Walichofanya ni kuhakikisha yakipanda yanapata pa kutokea: ukuta mnene, lipu ya chokaa, kisha chokaa ya maji inayopakwa upya mara kwa mara. Maji yaliingia usiku na masika, yakatoka mchana na kaskazi. Ukuta haukuwahi kuwa mkavu kabisa, na haukuhitaji kuwa mkavu kabisa. Ulihitaji mizani kati ya yanayoingia na yanayotoka.

Maji hupandaje bila pampu? Chovya ncha ya mkate kwenye chai, uishike hapo. Chai hupanda yenyewe kuelekea vidoleni. Mafuta ya taa hupanda utambi wa koroboi kwa njia iyo hiyo. Vitundu vyembamba huvuta maji juu, na katika kuta zetu unyevu wa ardhini mara nyingi hufika karibu mita moja, wakati mwingine mita moja na nusu, kisha husimama. Kinachousimamisha ni kwamba kufikia hapo eneo la ukuta lililo wazi limekuwa kubwa kiasi cha kutoa maji yote yanayoingia kwa chini.

Sasa fikiria unachofanya unapobandika mawe kwa saruji kutoka chini hadi usawa wa dirisha. Umeziba lile eneo hasa ambalo maji yalikuwa yanatokea. Ardhi haijui kwamba umebandika mawe. Inaendelea kusukuma maji yale yale. Nayo yatapanda kutafuta sehemu nyingine iliyo wazi: juu ya mawe, au upande wa ndani, chumbani. Ndiyo maana alama ya unyevu kwa shangazi ilihama kutoka kwenye magoti hadi juu ya dirisha. Rangi kubambuka pale chini ndiyo ilikuwa ishara kwamba ukuta unapumulia hapo, nasi tukaiona ishara ile tukaifunika.

Chumvi ndiyo inayobomoa

Maji peke yake huharibu kidogo. Kinachokula ukuta pwani ni chumvi iliyomo ndani ya maji. Inatoka ardhini, inatoka kwenye upepo wa kusi unaopiga kutoka baharini, inatoka kwenye mchanga wa ufukweni ambao baadhi ya mafundi bado wanautumia bila kuuosha, na inatoka kwenye mashimo ya vyoo ya karne nzima. Mafundi wa Dar es Salaam huita ule unga mweupe "fangasi". Si fangasi. Uonje kwa ncha ya ulimi, utajua.

Maji yakigeuka mvuke, chumvi hubaki. Ikibaki juu ya ukuta, ni unga wa kufagia. Ikibaki ndani ya vitundu, hujenga chembe ngumu zinazokua na kusukuma pande zote, kama mzizi wa mbuyu kwenye ufa. Chumvi ya kawaida ina tabia nyingine ambayo kila mpishi wa pwani anaijua kwa kuiona kwenye kikopo cha jikoni: unyevu wa hewa ukizidi takriban asilimia 75, chumvi huvuta maji kutoka hewani na kulowa yenyewe. Ukishuka chini ya hapo, hukauka na kuwa chembe tena. Hewa ya Mombasa na Unguja huvuka mpaka huo mara nyingi usiku na kurudi chini yake mchana wa jua. Kwa hiyo chumvi iliyo ukutani huyeyuka na kuganda, huyeyuka na kuganda, na kila mara inabomoa kidogo.

Lipu ya chokaa ilikuwa ikiipokea adhabu hiyo. Inamomonyoka yenyewe, jiwe linabaki, na baada ya miaka lipu inapigwa upya. Ukiweka saruji ngumu na mawe juu yake, chumvi huganda nyuma, pale tumbawe na saruji zinapokutana, na kinachomomonyoka sasa ni ukuta.

Nililiona hilo kwa macho yangu siku tulipobandua jiwe la kwanza kwa shangazi. Nilianza kwa kugonga kwa kifundo cha kidole: mawe ya juu yalilia kwa sauti nzito, ya chini yalilia kama nazi iliyokauka ndani. Sauti hiyo tupu maana yake jiwe limeshikwa na kingo tu. Nikapenyeza patasi nyembamba pembeni, na jiwe likatoka bila nyundo, likaja pamoja na saruji yake, na nyuma ya saruji ile kulikuwa na ngozi ya tumbawe iliyobanduka, unene wa ganda la chungwa. Ukutani palikuwa pamelowa kama mchanga wa pwani maji yanapokupwa. Juu ya unyevu ule zilisimama sindano nyeupe za chumvi, fupi, laini, zinazovunjika kwa pumzi. Shangazi alizigusa akanyamaza.

Fundi yule hakuwa tapeli. Alifanya kazi nzuri ya mkono, mistari imenyooka, timazi sawasawa. Alifundishwa kazi ya saruji kwenye nyumba za saruji.

Yale yanayosemwa mitaani

"Saruji ikizidi nguvu, ndiyo bora." Kwa nguzo ya ghorofa, ndiyo. Kwa ukuta wa tumbawe, kinachoshikisha kinapaswa kuwa dhaifu kuliko kinachoshikwa. Ukuta mkongwe hucheza kidogo kwa joto na baridi, kwa msingi kutulia. Chokaa hufuata, saruji hupasuka. Na ufa mwembamba wa saruji huvuta mvua ndani kwa nguvu ile ile ya utambi, kisha lile tabaka zito la saruji linaizuia isitoke.

"Mawe huipa nyumba nguvu." Hofu iliyo nyuma ya maneno haya naielewa. Sehemu ya Beit al-Ajaib ya Unguja, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili wakafariki, na tangu hapo kila mwenye nyumba kongwe hulala na swali moyoni mvua kubwa inaponyesha. Lakini mawe ya kubandika hayaongezi nguvu, yanaongeza mzigo. Piga hesabu. Jiwe la sentimita 3 lina uzito wa kilo 70 na kitu kwa kila mita ya mraba. Tabaka la saruji la sentimita 2 nyuma yake ni kilo 40 hivi. Ukuta wa mita 4 kwa 3 utakuwa umeutwisha zaidi ya tani moja na robo, na tani hiyo yote imening'inia kwenye uso wa lipu ya kale ambayo huenda imeshaachana na ukuta.

"Vanishi itazuia." Vanishi huzuia mvua isiingie kwa mbele. Maji ya ardhini hayapiti mbele. Kinachopatikana ni chungu kilichofunikwa kifuniko: mvuke unapanda, unagonga kifuniko, unarudi kuwa maji. Zipo dawa za kisasa zinazopitisha mvuke, na wauzaji hulisema hilo kwa haki. Ila mvuke ukipita na maji yasipite, chumvi inabaki nyuma ya dawa, mahali pabaya zaidi pa kubaki.

"Unyevu unatoka hewani tu, huwezi kuukwepa." Wakati mwingine ni kweli, na kuna njia rahisi ya kujua. Siku kavu, bandika kipande cha nailoni ngavu ukutani, sentimita 40 kwa 40, ukizibe kingo zote kwa utepe. Kiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa ukutani, unyevu unatoka ndani ya ukuta. Yakiwa upande wako, ni hewa ya chumba. Jaribio hili ni la bei ya kikombe cha kahawa, na sijui kwa nini halifanywi kabla ya kila kazi.

Siku hizi kuna jambo jipya linalochanganya zaidi, hasa nyumba zinapogeuzwa za wageni: kiyoyozi. Chupa ya soda iliyotoka kwenye friji hutoka jasho mezani kwa sababu hewa yenye mvuke imegusa kitu baridi. Chumba chenye kiyoyozi ni chupa hiyo. Sasa weka nje ya chumba mawe yaliyolowa kwa mvua ya asubuhi, jua la saa sita liyapige. Mvuke utasukumwa kuelekea ndani, kwenye ukuta uliopozwa. Hapo unaweza kupata ukungu nyuma ya kabati hata kama msingi wako ni mkavu kabisa.

Kuhusu zile video

Video nyingi za kubandika mawe zinatoka Marekani na Canada, na nyumba zinazoonyeshwa humo mara nyingi ni za mbao. Fremu ya mbao, ubao juu yake, karatasi nyeusi ya kuzuia maji, wavu wa chuma, kisha saruji na jiwe. Karatasi ile iko pale kuilinda mbao isioze. Ukiiweka juu ya ukuta wa tumbawe unaopandisha maji kutoka ardhini, unakuwa umeuvisha koti la mvua mtu aliyekwisha kulowa.

Kuna somo la kweli huko, ila wanaonakili video hawalioni. Vancouver ni mji wa pwani wenye mvua nyingi. Kuanzia miaka ya 1980 hadi mwisho wa miaka ya 1990 zilijengwa huko nyumba nyingi za ghorofa zilizozibwa vizuri kwa nje, na maji yaliyopenya pembeni mwa madirisha yakakosa pa kutokea. Kuta zikaoza kutoka ndani. Maelfu ya familia zilibaki na madeni ya matengenezo, na mwaka 1998 serikali ya jimbo la British Columbia ilimpa Dave Barrett, aliyewahi kuwa waziri mkuu wa jimbo hilo, kuongoza tume ya uchunguzi. Dawa iliyoenea baada ya hapo ilikuwa mwanya: kuacha nafasi kati ya kinachofunika na ukuta wenyewe, ili maji yanayoingia yateremke na kutoka, na hewa ipite. Miongozo ya watengenezaji wa mawe ya kubandika wa Amerika Kaskazini inataka pia mawe hayo yaanzie angalau milimita 100 juu ya udongo, au milimita 50 juu ya sakafu ya nje. Kwetu mawe hushindiliwa hadi ndani ya kabro, yale matofali ya saruji yanayotandazwa njiani.

Basi mtu afanyeje?

Kama nyumba yako ni ya udongo na fito, jibu langu ni fupi: usibandike. Uzito utaushinda ukuta na unyevu utaozesha fito.

Kama ni ya matofali ya saruji na tabaka la kukata unyevu lipo juu ya msingi, unaweza. Gonga lipu yote, bandua inayolia tupu, tumia mchanga wa mto uliooshwa, anzia juu ya lile tabaka na si chini yake, acha ukanda wazi juu ya ardhi, na usipake vanishi. Kama tabaka hilo halipo, ihesabu nyumba yako pamoja na za matumbawe.

Kwa nyumba ya matumbawe, kazi ya mwanzo haihusu mawe hata kidogo. Ni kutafuta maji. Panda juu ya paa uangalie mfereji uliotoboka. Angalia bomba la bafuni, birika la zamani la kuhifadhia maji, shimo la choo. Kisha toka nje uitazame barabara. Mitaa ya miji yetu ya kale imeinuka kila ilipotengenezwa upya, kifusi juu ya kifusi, mpaka sakafu za nyumba nyingi ziko chini ya usawa wa njia, na kabro zilizobanwa ukutani hulazimisha maji ya mvua yaliyokuwa yakikauka njiani yaingie kwenye msingi. Kuchimba mtaro mwembamba kando ya ukuta na kuujaza kokoto tupu kunaweza kushusha unyevu kuliko dawa yoyote ya kopo.

Halafu bandua saruji na rangi ya mafuta, uuache ukuta ukauke. Hapa ndipo subira za watu huisha. Wazoefu hukadiria mwezi mmoja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene, na ukuta wa sentimita 50 ukikauka pande zote mbili huchukua karibu mwaka. Chumvi itaendelea kutoka muda wote huo. Ifagie kwa brashi kavu, wala usiioshe kwa maji, maana utairudisha ndani.

Mwaka ukiisha, uliza tena kama bado unayataka mawe. Wengi hugundua walitaka ukuta usiobambuka, na huo wanaupata kwa lipu ya chokaa, sehemu moja ya chokaa iliyolowekwa muda mrefu kwa sehemu tatu za mchanga, ikapakwa chokaa ya maji juu. Ni kazi ya bei nafuu kuliko mawe na inapendeza, ingawa itabidi irudiwe.

Ukiyataka kweli, weka machache, pale ambapo ukuta haupumulii sana: kuzunguka mlango, juu kuliko ule mstari wa mita moja na nusu. Shikisha kwa chokaa iliyotiwa unga wa tofali la kuchoma ili igande hata penye unyevu, wala si kwa gundi ya vigae. Acha viungo kati ya mawe viwe vipana na vijazwe chokaa, kwa sababu hapo ndipo ukuta utapumulia. Chuma chochote kinachoingia ukutani kiwe chuma cha pua cha daraja la baharini. Waya wa kawaida, hata uliopakwa zinki, hushika kutu kwenye hewa yetu, na kutu huvimba ikalisukuma jiwe nje. Fanya kazi wakati wa kaskazi, Januari au Februari, na funika kwa magunia yaliyoloweshwa siku za mwanzo ili chokaa isikaushwe na jua kabla haijashika.

Iko njia nyingine iliyo bora kuliko zote, kama una nafasi: kujenga ukuta mwembamba wa mawe unaosimama kwenye msingi wake wenyewe, sentimita nne au tano mbali na ule mkongwe, wenye matundu chini na juu ili hewa ipite, na kushikizwa kwa vikonyo vya chuma cha pua hapa na pale. Nyumba yenye uwanja mbele inaiweza. Kichochoro cha Kibokoni, ambacho mikokoteni miwili haipishani, hakiiwezi.

Na kabla ya yote hayo, nenda ofisini. Mji Mkongwe wa Unguja uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, Lamu tangu 2001, na Mji wa Kale wa Mombasa ni eneo la hifadhi. Kubadilisha uso wa nyumba huko kunahitaji kibali, Unguja kwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, Kenya kwa ofisi za uhifadhi zilizo chini ya Makumbusho ya Taifa. Watu huziogopa ofisi hizi wakidhani zitawazuia tu. Nendeni na maswali. Wapo humo waashi na wahandisi waliokwisha kushika kuta hizi kwa mikono yao, na ushauri wao utakuokoa gharama ya kufanya kazi mara mbili.

Kwa shangazi tulibandua mawe yote. Ilichukua siku tatu, na karibu nusu ya mawe yalitoka kwa mkono. Ukuta ulibaki uchi, na majirani waliuliza kama nyumba inauzwa. Alifagia chumvi kila Ijumaa asubuhi, akaiweka kwenye kopo la maziwa aone itafika wapi. Kopo lilijaa, akaanza jingine. Kaskazi ya pili tukapiga lipu ya chokaa. Alama ya unyevu ilishuka taratibu kutoka juu ya dirisha hadi karibu na magoti, ikakaa pale ilipokuwa zamani, na kila mwaka kabla ya Ramadhani anapaka chokaa upya sehemu ile ya chini, kama alivyokuwa akifanya mama yake. Mawe ya Mazeras yamepangwa uani juu ya mchanga, bila saruji. Hapo ndipo anapokaa jioni na kuanikia mashuka, na mvua ikinyesha maji hupita katikati yake na kuzama.